Kuzaliwa, Kufa na Kuhama: Historia ya Watu wa Bonde la Rufiji na Somo Lake kwa Afya

Kibiti ni wilaya changa yenye watu wa kale. Hadi miaka ya karibuni eneo lake lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na historia ya wakazi wake haitenganishiki na ile ya mto wenyewe: mafuriko yanayorutubisha mashamba na kubomoa nyumba, mikoko ya delta, mpunga wa bondeni, na barabara kuu iendayo Kusini. Ndengereko, Rufiji, Matumbi na wengine wengi wameishi hapa kwa vizazi vingi. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hakuna aliyejua kwa hakika watu hao walikuwa wangapi, watoto wangapi walizaliwa kila mwaka, na wangapi kati yao walizikwa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Swali la idadi ya watu mara nyingi huachiwa wanauchumi na maofisa wa mipango. Lakini kwa mhudumu wa zahanati na kwa mama anayebeba kadi ya kliniki, swali hilo ni la uhai na kifo. Dawa hupelekwa kwa kadiri ya watu wanaojulikana kuwapo. Chanjo huagizwa kwa kadiri ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa. Kifo kisichoandikwa popote hakimfundishi mtu chochote, na chanzo chake hubaki palepale kikimngoja mtoto mwingine.

Mambo matatu tu

Idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia tatu: watu huzaliwa, hufa na huhama. Kila tukio kubwa la historia, iwe vita, njaa, barabara mpya au chandarua chenye dawa, huigusa idadi hiyo kupitia mojawapo ya milango hiyo mitatu. Mara nyingi milango miwili hufunguka kwa pamoja, na mtazamaji asiye na takwimu huona matokeo bila kujua yameingilia wapi.

Takwimu za sensa zinatoa mfano mzuri. Mwaka 2002 Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti, ilihesabiwa kuwa na watu 203,102. Mwaka 2012 walikuwa 217,274. Katika miaka kumi wilaya iliongezeka kwa takriban asilimia 7, wakati nchi nzima ilipanda kutoka watu 34,443,603 hadi 44,928,923, yaani zaidi ya asilimia 30. Mtu angeweza kudhani kwamba watoto wa Rufiji walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wa kwingineko, au kwamba akina mama wa huko walikuwa wameacha kuzaa. Kama itakavyoonekana, dhana ya kwanza ingekuwa kinyume cha ukweli, na ya pili haikuwa na msingi.

Vifo visivyohesabiwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 bonde la Rufiji na vilima vya Umatumbi vilikuwa kitovu cha Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya dawa kutoka Ngarambe. Watu waliolazimishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani walikwisha kuchoka, na mwezi Julai 1905 vita vilianza Umatumbi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vilienea hadi Songea na Mahenge na kudumu hadi 1907.

Waliouawa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo tu ya waliopotea. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, yakateketeza maghala na kuzuia watu kulima; njaa iliyofuata iliua kuliko bunduki. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamefikia makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni kubwa kuliko wakazi wote waliohesabiwa wilayani Rufiji mwaka 1967, 1978 au 1988. Makosa ya hesabu peke yake hayaelezi tofauti hiyo: watu hao hawakuandikwa walipozaliwa, wala hawakuandikwa walipokufa.

Haukupita muongo mmoja kabla ya vita vingine kuingia. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya delta na kuzamishwa huko tarehe 11 Julai 1915. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka za wakulima na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Vita vilipokwisha, homa kali ya mafua ya 1918 na 1919 iliwakuta watu waliokwisha dhoofishwa na njaa. Sehemu za kusini zilizobaki na watu wachache ziligeuka misitu na makao ya mbung'o, na baadhi yake zikaingizwa katika pori kubwa la akiba lililokuja kuitwa Selous.

Kwa hiyo idadi ndogo ya watu ambayo watawala wa Kiingereza waliikuta haikuwa hali ya asili ya nchi hii. Ilikuwa jeraha. Hesabu ya watu iliyofuata taratibu za kitaalamu za sensa ilifanyika mwaka 1948, ikaonyesha kuwa Tanganyika ina watu karibu milioni 7.5. Kutoka hapo, kupitia sensa za 1957, 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012, idadi imepanda hadi watu 61,741,120 mwaka 2022, Zanzibar ikiwamo.

Njia iliyopitiwa na Ulaya Magharibi

Ongezeko la namna hii si la Tanzania peke yake. Nchi za Ulaya Magharibi zilipita njia inayofanana, mapema zaidi na kwa mwendo wa polepole. Nazo ziliwahi kuwa nchi za vifo vingi. Tauni iliyoingia mwaka 1347 iliua pengine theluthi moja ya watu wa bara hilo au zaidi katika miaka michache. Ireland, iliyokuwa na zaidi ya watu milioni 8 katika sensa ya 1841, ilibaki na milioni 6.5 mwaka 1851, baada ya ugonjwa wa viazi kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wengi ng'ambo.

Habari hizo zinajulikana kwa sababu ya madaftari. Kuanzia mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Karne nne baadaye, watafiti waliyakusanya madaftari ya mamia ya parokia na kuyatumia kujua watu walizaliwa na kufa vipi kabla ya sensa ya kwanza ya 1801. Makarani wa parokia hawakujua kwamba walikuwa wakiandika historia ya afya ya taifa. Walikuwa wakitimiza wajibu wa kila siku.

Madaftari hayo yanaonyesha mambo mawili yenye faida kwa msomaji wa leo. La kwanza ni kwamba vifo vilipungua kabla uzazi haujapungua, na katika nafasi iliyo kati ya hayo mawili idadi ya watu iliongezeka sana. Uingereza na Wales zilikuwa na watu karibu milioni 9 mwaka 1801 na zaidi ya milioni 32 mwaka 1901. Hata hivyo, hadi mwisho wa karne hiyo, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, wapatao 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Afueni ya watoto wachanga ilikuja baadaye, kwa maji safi, mifereji ya majitaka, maziwa salama, chakula bora na elimu ya akina mama.

La pili ni kwamba nchi hazikufuata ratiba moja. Ufaransa ilianza kupunguza uzazi mwishoni mwa karne ya 18, muda mrefu kabla ya Uingereza, na idadi ya watu wake ilipanda kwa unyonge: kutoka karibu milioni 29 mwaka 1800 hadi karibu milioni 40 karne moja baadaye. Uingereza ilisubiri hadi miaka ya 1870. Mamilioni ya Wazungu walivuka bahari kwenda Amerika na Australia, na hivyo mlango wa kuhama ulipunguza shinikizo la ongezeko hilo. Leo baadhi ya nchi za Ulaya, kama Ujerumani na Italia, zina vifo vingi kuliko vizazi kila mwaka, na hospitali zake zinatafuta wauguzi kutoka nchi nyingine.

Kutoka bondeni hadi kando ya barabara

Rufiji ina historia yake ya kuhama. Kwa muda mrefu wakulima waliishi kwa kuufuata mto. Mafuriko yalipoingia yaliacha tope lenye rutuba, na maji yalipopungua walipanda mazao ya mlao katika unyevu uliobaki. Madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, viliwawezesha kulinda mazao dhidi ya wanyama na kukaa juu ya maji.

Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nyanda za juu, katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa kuwaepusha na mafuriko na kuwasogezea shule, maji na zahanati. Huduma zilisogea, lakini mashamba yalibaki bondeni. Familia nyingi zilijikuta zikigawanyika kwa misimu: sehemu ya mwaka kijijini, sehemu ya mwaka shambani. Hali hiyo ina maana kubwa kwa afya hata leo. Mama aliye shambani msimu wa kulinda mpunga yuko mbali na kliniki, na mtoto anayelala kwenye dungu bila chandarua yuko karibu na mbu.

Katika visiwa vya delta tatizo ni la maji ya bahari. Safari kutoka kijiji cha mikokoni hadi kituo cha afya hutegemea mashua, na mashua hutegemea maji kujaa na kupwa. Uchungu wa uzazi hausubiri bamvua. Mwezi Aprili 2024 mafuriko mapya yaliingia Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na kuwatoa watu majumbani mwao, na kukumbusha kwamba mazungumzo kati ya mto na watu hayajaisha.

Nyumba kwa nyumba

Mwishoni mwa mwaka 1998 jambo jipya lilianza katika ukanda wa Ikwiriri, Kibiti na Bungu. Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walianzisha mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika jina la kila mkazi, kisha wakawa wanarudi mara kadhaa kila mwaka kuuliza maswali yaleyale: Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani ameingia, na nani ameondoka? Zaidi ya watu 80,000 waliingia katika daftari hilo.

Palipotokea kifo, mdadisi aliyefunzwa alirudi baada ya muda wa msiba kupita na kuzungumza na waliomuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Alipata degedege? Alikohoa? Alipelekwa wapi, na alipewa nini? Majibu yalipitiwa na madaktari ili kukadiria chanzo cha kifo. Njia hiyo haina uhakika wa maabara, lakini katika mahali ambapo watu wengi hufia nyumbani, ilifumbua macho. Malaria ilionekana kuwa muuaji mkubwa wa watoto.

Kazi hiyo iliungana na mradi wa Wizara ya Afya na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, uliofanyika katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitamka: je, timu ya afya ya wilaya ikijua watu wake wanakufa kwa nini, na ikapewa uhuru na nyongeza ndogo ya fedha, itaokoa maisha zaidi? Nyongeza iliyotumika ilikuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Ilipolinganishwa na mzigo wa maradhi, bajeti ya zamani ilionekana kupotoka: magonjwa yaliyoua sana, hasa malaria na maradhi mengine ya watoto, yalikuwa yakipewa sehemu ndogo.

Timu za wilaya zilibadili mpangilio. Wahudumu walifunzwa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, yaani kumwangalia mtoto mzima badala ya kutibu homa tu. Vyandarua vyenye dawa vilihimizwa. Usimamizi wa zahanati uliimarishwa. Katika kipindi cha takriban miaka mitano, vifo vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano vilipungua Rufiji kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapa ndipo fumbo la sensa linapofumbuka. Rufiji haikuongezeka polepole kwa sababu watoto wake walikuwa wakifa zaidi. Walikuwa wakipona zaidi. Wilaya ilikuwa ikipoteza watu kwa mlango wa tatu: vijana waliondoka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri hakuhitaji tena kusubiri kivuko cha Ndundu, na Dar es Salaam ikawa karibu. Mbagala na Temeke zimejaa wana wa Rufiji wanaorudi nyumbani kwa misiba, arusi na mavuno.

Mafanikio na deni lililobaki

Picha ya taifa inafuata mkondo uleule. Katika miaka ya 1990 maendeleo ya afya ya watoto yalikwama. Klorokwini ilikuwa ikishindwa nguvu na vimelea vya malaria, na UKIMWI ulikuwa ukiziingia familia. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Baada ya hapo zikaja dawa mseto za malaria, vyandarua, chanjo mpya na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2022 vifo hivyo vilikuwa 43 kwa kila watoto 1,000. Uingereza ilihitaji muda mrefu zaidi kufika umbali ambao Tanzania imeupita katika miaka isiyozidi ishirini na mitano.

Uzazi nao unashuka, ingawa polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya 6 kwa wastani. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Historia ya Ulaya inaonyesha kwamba wazazi hupunguza idadi ya watoto baada ya kuamini kwamba watakaozaliwa wataishi, na wasichana wanapobaki shuleni. Mama aliyezika watoto wawili hawezi kulaumiwa akitaka kuzaa wengine. Kwa hiyo uzazi wa mpango na kuokoa maisha ya watoto ni kazi moja. Huduma ya kwanza haipati nguvu bila ya pili.

Lakini ndani ya mafanikio hayo kuna deni. Vifo vya watoto wachanga, yaani wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza, vilikuwa 25 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2015 na 2016. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Karibu havikutikisika. Zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki leo kabla ya miaka mitano hufariki katika mwezi wa kwanza, kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa maambukizi. Chandarua hakiwezi kuwaokoa hawa. Wanaokolewa na mkunga mwenye ujuzi, kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua, joto la kifua cha mama, na usafiri unaofika kwa wakati.

Na hao ndio ambao vifo vyao hupotea kwa urahisi zaidi. Mtoto anayefariki siku ya pili, mara nyingi kabla jina lake halijatangazwa, huzikwa kimya, na familia huambiana kwamba Mungu atatoa mwingine. Faraja hiyo ni haki ya wafiwa. Kwa mfumo wa afya, hata hivyo, ukimya huo una gharama: mtoto ambaye hakuandikwa alipozaliwa wala alipofariki haonekani kabisa, na upungufu uliomuua hauonekani pia.

Daftari ni kifaa cha tiba

Kwa wahudumu wa afya, somo la Rufiji ni kwamba daftari la wodi ya wazazi lina thamani sawa na mzani na kipimo cha shinikizo la damu. Kila kizazi kiandikwe, kikiwa hai au mfu, na mtoto aliyezaliwa mfu asichanganywe na aliyepumua kisha akafariki. Vifo vilivyotokea nyumbani viulizwe kwa heshima kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji. Takwimu hizo zijadiliwe kituoni kabla ya kupelekwa wilayani, kwa maana aliyeziandika ndiye wa kwanza anayeweza kuzitumia.

Kwa familia, kumwandikisha mtoto na kupata cheti chake cha kuzaliwa ni kumtambulisha kwa nchi yake. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, na mipango ya usafiri ifanywe kabla ya mwezi wa tisa, hasa kwa wakazi wa delta na wanaolala mashambani. Damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba au degedege ni dalili za kukimbilia kituoni bila kungoja. Mtoto mchanga asiyenyonya, mwenye joto kali au baridi ya mwili, au anayepumua kwa shida, apelekwe saa hiyohiyo. Baada ya kujifungua, inashauriwa kusubiri angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, ili mwili wa mama upate nguvu na mtoto anyonye vya kutosha.

Zaidi ya Watanzania 4 kati ya kila 10 wana umri wa chini ya miaka 15. Hao ndio wazazi wa miaka ijayo, na wengi wao watakuwa wazee wa kwanza katika koo zao kuishi muda mrefu na kisukari au shinikizo la damu, kama ilivyotokea Ulaya. Waliokufa katika njaa ya Maji Maji hawawezi tena kuhesabiwa. Watoto watakaozaliwa wiki hii Kibiti, Bungu, Nyamisati na Mbwera wanaweza, na kazi hiyo inaanza kwa kalamu ya yule atakayewapokea.